Siku moja maishani mwangu: natafuta njia ya chupa

Saa 11:30 alfajiri, Tabata
Nimeamka na swali nililolala nalo: lori likitoka Dar na mzigo kwenda Arusha, linarudi na nini?

Kazi yangu ni kuchora ramani ya chupa chakavu. Nani anakusanya, yuko wapi, anapata mzigo kiasi gani, na gari linapita kwake siku gani. Kampuni yetu ni ndogo. Tunanunua chupa na vioo vilivyovunjika, tunavichambua kwa rangi, kisha vinakwenda kuyeyushwa viwe chupa mpya. Chupa za bia na soda nyingi haziniumizi kichwa, kwani zinarudi zenyewe na kreti. Ninazozihangaikia ni za mvinyo, za pombe kali, za tomato sosi na jamu. Hizo hazina kreti ya kuzirudisha kwao.

Saa 1:00 asubuhi, Tandale
Kila wiki lazima nitembelee walau kituo kimoja. Anayekaa na kompyuta tu ataichora Dar ya kwenye kioo cha kompyuta, na Dar yenyewe ataikosa.

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu. Leo umekuja mapema."

Mama huyu ananunua kwa waokotaji kwa kilo, anatandika turubai, anachambua. Nyeupe huku, kahawia kule, kijani pembeni. Nimechuchumaa kumtazama. Ameokota kigae cheupe kilichofanana na vingine vyote, akakigonga kwenye ukingo wa ndoo, akakitupa nje ya turubai. Kilikuwa kipande cha sahani. Mimi nisingekitambua. Kauri haiyeyuki pamoja na kioo, hata tanuri likiwa na joto la karibu nyuzi 1,500 za Selsiasi. Inabaki kama kijiwe ndani ya chupa mpya, na chupa ya namna hiyo inaweza kupasuka. Kipande kimoja kikipita, kinaweza kuharibu kazi ya gunia zima. Kwa hiyo nikisema kituo cha Tandale kina mzigo safi, ninazungumzia mikono ya mama huyu, iliyofungwa vitambaa kwa sababu glavu alizopewa zimekatika.

Nimemwonyesha nukta yake kwenye simu. Ameitazama sana.

"Hiyo ramani yako inajua kwamba mvua ikinyesha guta halifiki hapa?"

Haikuwa inajua. Nimeandika hapo hapo. Na glavu nimeziandika pia, herufi kubwa, kwa ajili ya bosi.

Saa 4:00 asubuhi, ofisini
Nimefungua QGIS, programu yangu ya kuchora ramani, nikakuta vituo vitatu vipya viko Ethiopia. Si jambo geni. Dar iko nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, na kusini huandikwa kwa alama ya kutoa; anayeingiza takwimu akiisahau, nukta inaruka hadi kaskazini. Nimerekebisha, lakini kosa dogo kama hili lingeniambia Mbagala hakuna mtu, na gari lisingepelekwa.

Sasa picha yenyewe. Nukta zetu zimejipanga kama vidole vya mkono: Barabara ya Morogoro, ya Bagamoyo, ya Kilwa, ya Nyerere. Manzese na Tandale zimebanana. Masaki na Oysterbay, kwenye mahoteli na baa za mvinyo, tuna nukta chache mno. Chupa ziko tele, ila zinatupwa kwenye pipa moja na mabaki ya chakula na kuondoka na gari la taka. Zikishashindiliwa humo hazichambuliki tena. Unguja nako hivyo hivyo: hoteli za Nungwi na Paje zina chupa nyingi, lakini tanuri liko Dar, ng'ambo ya bahari, na mzigo upandishwe chomboni, ushushwe, upandishwe tena garini.

Chupa ni nzito na bei yake ni ndogo. Nauli inaila upesi. Chuma chakavu kinaweza kusafiri kutoka Mwanza na bado kikaacha faida. Kioo kikikodiwa lori lake peke yake hakifiki hata Morogoro bila hasara.

Tena mipaka nayo ina mambo yake. Ukipima kwa kilomita tu, chupa za Arusha zilipaswa kwenda Nairobi, kama kilomita 270, ambako kuna kiwanda cha chupa Kasarani, wala si kushuka kilomita zaidi ya 600 hadi Dar. Na Tanga iko karibu zaidi na Mombasa kuliko Dar. Lakini katikati kuna Namanga na Horohoro, na mzigo wa taka mpakani unataka makaratasi ambayo mnunuzi mdogo hana muda nayo.

Ndiyo maana swali la alfajiri halijaniacha. Lori linalorudi tupu limeshalipiwa safari. Likibeba vioo, hata nauli ndogo ni faida kwa mwenye gari. Nimeweka alama ya ghala jipya Chalinze, mahali njia ya Tanga inapokutana na ile ya Morogoro. Kwenye skrini ilionekana haina ubishi.

Saa 8:00 mchana, Kimara
Nimekula wali maharage gereji, pembeni ya madereva wa masafa marefu. Mmoja anapeleka bidhaa Arusha kila wiki. Nimemwuliza kuhusu Chalinze.

"Kaka, mimi nikishuka tupu Chalinze sifiki. Nakunja Msata, natokea Bagamoyo."

Nilinyamaza kidogo. Barabara ya Msata kwenda Bagamoyo ina lami, nami ninayo kwenye ramani, mstari mwekundu kabisa. Nilikuwa nimeihesabu kama njia ya mabasi na magari madogo. Ghala langu la Chalinze lingengoja malori ya Arusha yasiyopita hapo.

"Unasimama wapi basi?"

"Segera. Pale lazima nile."

Saa 10:30 jioni, ofisini
Nimeanza upya. Chalinze inabaki kwa ajili ya malori ya Mbeya, Dodoma na Mwanza. Kwa kaskazini nimesogeza alama hadi Segera, njia panda ya Tanga, Moshi na Dar. Vioo vya Tanga mjini vinaweza kupanda hadi hapo kwa kirikuu. Nimeandika maelezo ya bosi kurasa mbili, nikaeleza na sababu ya kiwandani: kila asilimia 10 ya vioo chakavu kwenye mchanganyiko hupunguza nishati ya tanuri kwa karibu asilimia 2.5 hadi 3. Mnunuzi ana sababu ya kutaka mzigo wetu, mradi uwe safi.

Saa 3:00 usiku, nyumbani
Ujumbe kutoka kwa yule dereva: "Alhamisi nashuka tupu. Nitasimama Segera, mzigo uwe umeshafungwa, sitasubiri kuchambua."

Nimempigia kijana wetu wa Korogwe, nikamwomba kesho atafute mizani, turubai, na mtu wa kukaa naye anayejua kutofautisha kioo na sahani.