Ovari ya mtamba wangu

Jumamosi ile nilimwomba mchinjaji asitupe kizazi. Mtamba wangu, nguruwe jike ambaye hajazaa bado, alikuwa na miezi 11, ana mwili, anakula pumba na machicha ya nazi mpaka ngozi inang'aa, na hajawahi kumsimamia dume hata siku moja. Dada yake wa uzao mmoja vilevile. Nilikuwa nimemlaumu dume, nikalaumu chakula, nikalaumu jua la Pongwe.

"Mama, njoo utazame mwenyewe," mchinjaji akaniita. Kwenye sinia aliweka kizazi cha huyu wangu na cha jike wa jirani. Ovari, kiungo kinachotunza mayai, ya yule wa jirani ilikuwa kama kishada cha zabibu changa, vifuko vimetuna maji. Ya wangu kama punje ya haragwe, laini, tupu. Nilisimama pale nikaishiwa maneno. Joto, ile hamu ya kupandwa niliyoisubiri kila baada ya siku 21, lingetoka wapi?

Tangu hapo nasoma kila usiku. Nguruwe jike hana kiwanda cha mayai. Akiba yake huwekwa mapema mno, karibu na kuzaliwa kwake. Kuamka kwa mayai hayo na kukomaa kwake kunasimamiwa na jeni nyingi, yaani vinasaba anavyorithi kwa wazazi. Iliyonigusa kuliko zote ni BMP15. Hiyo hufanya kazi ndani ya yai lenyewe: yai hutoa protini inayoziamuru seli zinazolizunguka zikue. Mimi siku zote nilidhani yai linalelewa tu. Kumbe na lenyewe linaagiza!

Kuna kondoo wa New Zealand ambao jike mwenye nakala moja yenye hitilafu ya jeni hiyo huzaa mapacha kwa wingi, ila mwenye nakala mbili ni tasa, ovari zake zimesinyaa. Watafiti wa China walipoipunguzia nguvu jeni hiyohiyo kwa nguruwe, ovari zilidumaa.

Nikafungua daftari. Baba na mama wa wale mitamba wawili niliwanunua banda moja, siku moja, wa tumbo moja. Jeni mbovu huweza kujificha vizazi na vizazi nyuma ya nakala nzima. Ukipandisha ndugu kwa ndugu, unazipa mbovu mbili nafasi ya kukutana. Sikupima jeni za mtamba wangu, lakini kosa la kupandisha ndugu ni langu na limeandikwa kwa mkono wangu.

Dume nimeuza. Mwingine nimemtoa Muheza, damu ya mbali. Wingi wa watoto hurithiwa kidogo tu, kama asilimia 10, hivyo uzao mmoja mkubwa haunitoshi tena kuchagua mbegu. Naangalia mama amezaaje mara tatu, na bintiye ameingia joto akiwa na umri gani.

Jumanne asubuhi mtamba mpya, miezi 6 na nusu, nilimkandamiza mgongo kwa viganja. Akasimama tuli, masikio juu. Nimeandika tarehe. Joto hili nampisha akomae. La pili ndipo nitamwita dume, kisha nihesabu siku 114.