Usukani unaocheza kwenye Camaro Z28 ya 1978: nilivyoufungua hadi kwenye bolti nne na kuurudisha

Ukishika usukani wa gari la namna hii, gari la michezo la Chevrolet la Marekani, ukauvuta juu na chini, halafu kichwa kizima cha nguzo (bomba linalobeba usukani na shafti yake) kikagonga tok-tok pamoja na mkono wa indiketa, usikimbilie kununua nguzo mpya. Mara nyingi kilicholegea ni bolti nne ndogo zilizojificha ndani. Kuzifikia ni kazi ya siku nzima kwa anayeifanya mara ya kwanza. Kuzikaza kwenyewe ni dakika kumi.

Nguzo ninayoizungumzia ni ile ya kuinamisha, yaani usukani unapandishwa au kushushwa kumfaa dereva, iliyotengenezwa na kitengo cha Saginaw cha General Motors (GM), kule Michigan. Imefungwa kwenye Camaro, Chevelle, Trans Am na hata malori madogo ya Chevrolet ya miaka hiyo, kwa hiyo ukishaijua moja, nyingine hazitakusumbua sana. Tangu magari ya GM ya mwaka 1969, swichi ya ufunguo imekaa kwenye nguzo badala ya dashibodi, na ndiyo maana ndani kumejaa vitu.

Kabla ya kugusa spana nilipima. Injini imezimwa, magurudumu yamenyooka, mikono miwili kwenye usukani, mmoja juu na mmoja chini. Kama usukani, mkono wa indiketa na mkono wa kuinamishia vyote vinatikisika kwa pamoja kila upande, ni bolti nne za kitako, kipande kinachoshika kichwa kwenye bomba la nguzo. Kama kichwa kinacheza juu na chini tu, angalia kucha za kufungia (vipande vyenye meno vinavyoshika kichwa pale ulipokiinamisha) na pini mbili za bawaba. Kama kichwa kimetulia ila usukani peke yake unatikisika, ni beringi ya juu. Kama bomba zima linasogea hadi kwenye dashibodi, lala chini ukaze nati zinazoshika nguzo kwenye dashibodi, na pengine kazi itaishia hapo. Na kama usukani unazunguka kidogo bila magurudumu kufuata, mtume mtu aangalie upande wa injini huku ukizungusha: tatizo liko kwenye kiungo cha mpira au stelingi boksi, na kufungua kichwa hakutakusaidia chochote. Hiki kipimo cha mwisho watu wengi wanakiruka.

Langu lilikuwa la kundi la kwanza. Sababu yake inaeleweka: gari ni la chini, milango ni mirefu na mizito, na kila anayetoka anajivuta kwa usukani. Miaka arobaini ya kuvutwa hivyo, bolti lazima zilegee.

Vifaa: pula ya usukani, kifaa cha kukandamiza sahani ya kufungia (kinauzwa au kuazimwa kwenye maduka ya vipuri ya Marekani), bisibisi nyota kubwa namba 3 na nyingine ndogo, soketi ya nyota ya kike E8 ya kishikio cha robo inchi, skrubu ya 8-32 (kipimo cha Marekani) ndefu kidogo pamoja na nati na washa zake, gundi ya thredi ya buluu, grisi nyeupe ya lithiamu, uzi imara na kalamu ya rangi. Aliyezoea Toyota na Nissan ajiandae: magari ya GM ya mwishoni mwa miaka ya 1970 yana mchanganyiko wa bolti za inchi na za milimita, wakati mwingine kwenye sehemu ileile. Jaribu kila thredi kwa mkono kwanza. Hilo linahusu hasa kifaa cha kukandamiza sahani, kwa kuwa thredi ya ncha ya shafti ilibadilika katika miaka hiyo. Ukilazimisha, umeharibu shafti.

Waya hasi wa betri ulitoka kwanza. Nikatoa kifuniko cha honi na nati ya usukani, nikachora alama ya rangi kati ya usukani na shafti, kisha nikavuta kwa pula. Hapa kuna kosa ambalo hutambui mpaka gari lipate ajali: kugonga ncha ya shafti kwa nyundo. Nguzo hizi zimetengenezwa zijikunje dereva akitupwa mbele. GM walizianza kwenye magari ya mwaka 1967, na kuanzia Januari 1968 sheria ya Marekani ikadai usalama wa aina hiyo kwenye magari ya abiria. Sehemu mbili za shafti zimeshikwa na vipini vya plastiki vilivyomiminwa ndani. Nyundo moja inatosha kuvikata. Shafti inaanza kuteleza ndani ya yenyewe, na hapo ndipo unahitaji nguzo nyingine kweli.

Chini ya usukani kuna sahani ya kufungia yenye springi kali. Nilifunga kifaa, nikakandamiza kiasi cha ringi ya waya kupata nafasi tu, nikaichomoa kwenye mfereji wake kwa bisibisi mbili nyembamba. Ringi hiyo usiirudishe, weka mpya. Sahani ikatoka, ikafuata kamu ya kurudisha indiketa na springi yake, halafu mkono wa indiketa, kitufe cha taa za hatari, na skrubu tatu za swichi ya indiketa.

Nyaya za swichi hiyo zinapita ndani ya nguzo hadi plagi pana iliyo chini, karibu na pedali ya breki. Niliichomoa, nikaikunja pamoja na nyaya zake, nikaizungushia utepe ili isinase, na nikafunga uzi mwishoni kabla ya kuvuta juu. Uzi ukabaki ndani. Wakati wa kurudisha, unavuta uzi kutoka chini na plagi inafuata njia yake yenyewe. Bila uzi utatumia saa nzima ukichokoa kwa waya wa hanga.

Swichi ndogo ya kengele ya ufunguo hutolewa kwa klipu ya karatasi iliyokunjwa ncha. Shika swichi na kipande chake cha springi kwa pamoja, kwa sababu kipande hicho kikidondoka ndani ya nguzo kitakusumbua hadi usiku. Silinda ya ufunguo kwenye gari la 1978 inatoka kwa kubonyeza kilimi kupitia tundu jembamba pembeni yake. Kuanzia 1979 inashikwa na skrubu.

Sasa kuinamisha. Niliweka kichwa juu kabisa ili springi kubwa ipumzike. Springi hiyo imefungiwa na kifuniko chenye alama ya nyota: unaingiza bisibisi namba 3, unasukuma ndani kama milimita 5, unageuza kinyume na saa sehemu ya nane ya mzunguko, kisha unaachia polepole huku kiganja kikiwa nyuma ya bisibisi. Polepole kweli. Springi hiyo ikiruka itavunja kioo.

Pini mbili za bawaba, kulia na kushoto, zina thredi ndani ya 8-32. Kifaa maalumu cha kuzitolea kipo, lakini skrubu yenye nati, washa mbili na soketi fupi kama bomba dogo la kuegemea inafanya kazi ileile: skrubu ndani ya pini, soketi juu yake, kaza nati, pini inapanda. Ya kwanza ilitoka kirahisi. Ya pili ilikuwa imeganda. Nikaipaka mafuta ya kulainisha kutu, nikaiacha kwa muda, halafu nikakaza tena robo mzunguko kwa wakati. Ukiharakisha, thredi ndani ya pini inakatika na inabidi utoboe.

Pini zikishatoka, inua mkono wa kuinamishia ili kucha ziachie, vuta kichwa juu, kisha kipeleke kushoto ili reki (fimbo yenye meno) ya swichi ya ufunguo ijinasue kwenye kiendeshi chake. Hiyo hatua ya kushoto inasahaulika, na hapo ndipo reki inavunjika, maana ni zinki laini ya kumimina. Ikiwa ufunguo wako umekuwa ukizunguka bila kuwasha gari, reki au gia yake ndogo ndiyo yenye makosa. Badilisha zote mbili ukiwa umeshafungua.

Bolti nne zikaonekana, zimekaa kwenye kitako kama miguu ya meza. Mbili nilizigeuza kwa vidole. Nilizitoa moja baada ya nyingine, si zote kwa pamoja, kwa sababu ukizitoa zote kitako na sahani iliyo nyuma yake vitahama na kuvipanga upya ni kero. Kila bolti niliisafisha kwa dawa ya kusafishia breki pamoja na tundu lake, nikaacha ikauke, nikatia tone moja la gundi ya buluu, nikaikaza kwa pauni-inchi 60, yaani karibu Nm 7. Namba hiyo ni ndogo, na mkono unashawishika kuongeza. Usiongeze, thredi za upande wa pili hazivumilii. Gundi nyekundu pia siipendekezi: atakayefungua baada yako atahitaji moto, na pale pana plastiki tele.

Kabla ya kufunga nikakagua kiungo cha shafti. Kati ya shafti ya juu na ya chini kuna nusu-mipira miwili ya plastiki yenye springi katikati, ndiyo inayoruhusu usukani kuinama. Kunja shafti ya juu nyuzi 90 na itajitoa. Mipira yangu ilikuwa na ufa, rangi yake imekuwa ya kahawia kama chai. Bei yake ni ndogo, na mtu anayekaza bolti akaacha mipira iliyopasuka atarudi kulekule baada ya miezi michache. Nikaweka mipya na grisi. Beringi ya juu nayo ilikuwa na mikwaruzo, nikaibadilisha pamoja na ringi yake ya ndani. Kucha zilikuwa nzima. Ukikuta meno yake yamechakaa yakawa mviringo, badilisha jozi, si moja.

Kurudisha ni kinyume cha kufungua, isipokuwa mahali pawili. Reki na gia ndogo ya ufunguo: jino pana la kimoja lazima liingie kwenye nafasi pana ya kingine. Ukikosea kwa jino moja, ufunguo unaingia lakini gari haliwaki au haliwezi kuzimwa. Pili, unaposhusha kichwa mahali pake, shika mkono wa kuinamishia ukiwa juu mpaka pini zote mbili ziingie, vinginevyo kucha zitakaa vibaya na kichwa hakitashuka. Jaribu ufunguo katika nafasi zake zote kabla ya kurudisha swichi ya indiketa. Kufungua mara ya pili kwa sababu hiyo kunauma.

Swichi ya umeme ya kuwashia ipo mbali na ufunguo, juu ya bomba, chini ya dashibodi. Kama utaigusa, chora alama ya mahali ilipo kabla ya kulegeza, na urudishe skrubu zilezile. Skrubu ndefu zaidi zinaweza kuzuia nguzo isijikunje siku ya ajali.

Mwisho nilibadilisha kiungo cha mpira na kitambaa kilichopo kati ya nguzo na stelingi boksi, kwa kuwa kilikuwa kimeanza kuchanika pembezoni. Bolti zake mbili zina ukubwa tofauti kwa makusudi, ili usikifunge kinyume. Hapa usukani lazima uwe umenyooka, na usiache shafti izunguke huru.

Kuhusu kubadilisha nguzo nzima: nitafanya hivyo kama vipini vya plastiki vimekatika, bomba limepinda, au mashimo ya kitako yamepoteza thredi. Nguzo mpya zinatengenezwa na kampuni kama ididit ya Michigan na Flaming River ya Ohio, na ni nzuri, ila kabla ya kulipa pima urefu wa bomba, aina ya ncha ya chini ya shafti, na umbo la plagi ya nyaya. Ukiitoa ya zamani, fungua kwanza kiungo cha chini na bamba lililo kwenye ukuta unaotenganisha injini na dereva, na usiiache ining'inie kwa nati za dashibodi wala kwa bamba la chini peke yake. Weka mtu aishike au kreti ya kuiegemeza. Fimbo inayounganisha gia na nguzo, kama ipo, iachie mapema.

Nati ya usukani niliikaza pauni-futi 30, kama Nm 40, nikiwa nimelinganisha alama za rangi. Betri ikaunganishwa, indiketa zikarudi zenyewe pande zote mbili, kichwa hakikugonga tena. Honi tu ndiyo haikulia. Mkondo wake wa hasi unapita kwenye shafti, na kiungo kipya cha mpira kilikuwa kimeukata. Kipande cha waya wa shaba wa kuunganisha pande mbili za kiungo, ambacho nilikuwa nimekisahau kwenye boksi, kikamaliza kazi.