Waliniambia Agosti vijitoni hakuna samaki

Mimi ni mtoto wa Kigombe, Tanga. Babu alikuwa mvuvi, baba alikuwa mvuvi, na mimi kabla sijajua kusoma nilishajua kufunga ndoana. Changu, tasi, pono, kolekole, wote nimewavuta kwa mshipi wa mkono. Nayasema haya mwanzoni ili muielewe aibu niliyoipata mwaka jana, kwenye kijito cha Minnesota, Marekani, ambacho binti yangu wa miaka 9 anakiruka bila kulowa kiatu.

Naishi Rochester. Nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kulea wazee, natoka saa 1 asubuhi. Ukiendesha gari nusu saa, dakika 40 hivi, kuelekea Preston au bonde la mto Whitewater, unaingia nchi ya vilima na mabonde ambayo ile barafu kuu ya mwisho haikuifikia. Chini yake ni mawe ya chokaa yaliyotoboka ovyo. Maji ya mvua yanazama na kupotea, kisha yanaibuka kwenye chemchemi yakiwa na baridi ile ile mwaka mzima, nyuzi 9 hivi za selsiasi, nje kuwe na theluji au jua la kukaanga yai. Hapo ndipo wanapoishi trauti, samaki ambaye akipata joto kidogo tu anaona dunia imemwisha.

Nilinunua ufito, rili ya kukunjia mshipi na boksi la nzi bandia, yaani ndoana zilizoshonewa manyoya zifanane na wadudu, mwezi wa saba. Leseni pamoja na ile stempu ya trauti, kibali cha ziada cha kumvua samaki huyo, ilinitoka dola 30 na kitu, ufito sitasema bei kwa sababu mke wangu anasoma. Nikachelewa kuanza, na nilipokuwa tayari ilikuwa Agosti, ambayo huku ni msimu wa joto. Kila niliyemuuliza akanivunja moyo. Mfanyakazi mwenzangu akaniambia maji yamepungua, samaki hawapo, ngoja majani yaanze kuwa mekundu. Mzee wa dukani akasema vijito vya Agosti ni vya kutembelea na kupiga picha. Kijana mmoja kwenye video akashauri uingie katikati ya mkondo, usimame imara, urushe mbali uwezavyo.

Kijana yule sijui alikuwa anavua wapi. Labda ziwani.

Siku ya kwanza niliingia kijitoni saa 4 asubuhi, jua limeshapanda, nimevaa jezi nyekundu ya Simba. Maji yalikuwa maangavu kama ya birika. Kila kokoto linaonekana. Nikasimama katikati kama nilivyofundishwa, maji yananifika chini ya goti, kifua mbele, mtoto wa mvuvi nimefika. Kabla sijarusha hata mara moja nikaona vivuli vitatu vinachomoka mbele yangu kama mishale, vikapita kona, basi. Kidimbwi kizima kikabaki kitupu. Nikasogea kidimbwi cha juu yake: mishale mingine. Cha tatu: vile vile. Kumbe kila niliyemkimbiza alikuwa anakwenda juu kuwapa habari wenzake kwamba kuna Simba anakuja.

Nikajiambia, basi nirushe kutoka mbali. Anayejua kuvua kwa nzi anajua kwamba hapa hurushi risasi wala chubwi. Unarusha uzito wa mshipi wenyewe, unakwenda nyuma, unakwenda mbele. Kwenye uwanja wa shule niliweza. Kwenye kijito, nyuma yangu kulikuwa na mti. Nzi wa kwanza akabaki mtini. Wa pili akabaki mtini, tawi lile lile. Wa tatu akanasa kwenye waya wa ng'ombe. Wa nne akanasa kwenye kofia yangu, nikamtafuta majanini dakika kumi nzima huku ng'ombe watano wamejipanga ukingoni wananitazama bila kusema kitu. Nzi mmoja ni dola 3 hivi. Ukipiga hesabu ya vitoweo vya Tanga, nilitundika mtini mafungu kadhaa ya dagaa.

Nikarudi nyumbani na madoa mekundu mkono mzima. Hilo nalo hakuna aliyeniambia: kando ya vijito hivi kuna mmea wa maua ya manjano, mrefu, unafanana na bizari kubwa. Utomvu wake ukikugusa na jua likakupiga, ngozi inababuka kama umemwagiwa chai. Vaa mikono mirefu. Na kupe wapo, jikague.

Mke wangu akaniuliza, "Baba Salma, samaki wako wapi?" Nikamwambia hawapo, ni Agosti. Nikajisikia nimesema maneno ya watu wengine. Mbona niliwaona wakikimbia? Kitu kinachokimbia kipo.

Wiki iliyofuata nikachukua kipimajoto cha nyama kutoka jikoni, nikakifunga kwa uzi. Penye daraja la chini, saa 8 mchana, kilisoma nyuzi 71 za vipimo vya huku, kama 22 za kwetu. Hapo nikawaelewa kidogo wale wakatisha tamaa. Maji yakipita nyuzi 68, yaani 20, mwache trauti. Maji ya moto hayashiki hewa ya kutosha, na samaki aliyepigana na mshipi kwenye maji hayo unaweza kumrudisha akaondoka vizuri machoni pako, akafa baadaye umeshageuza gari. Kwa hiyo mzee wa dukani alikuwa sahihi kwa pale darajani. Alichosahau kuniambia ni kwamba nipande juu.

Nikapanda. Sikwenda na ramani, nilikwenda na miguu. Sina zile suruali za mpira, ninatembea na viatu vya zamani majini, na hiyo ikawa bahati yangu. Mwendo wa nusu saa hivi, mguu wa kushoto ukashtuka, wa kulia haukushtuka. Nikasimama. Upande wa kushoto, chini ya jabali, maji yalikuwa yanatoka ardhini taratibu, na yamezungukwa na majani mabichi ya kijani kibichi, yale ya kula na saladi, yanayopenda maji ya chemchemi. Nikazamisha kipimajoto: 52. Mita chache chini, yalipochanganyika na mkondo: 60. Wale "hawapo" wote walikuwa wamejibanza hapo, mmoja nyuma ya mwingine, pua zao zinatazama juu mkondo unakotoka, kama abiria wa daladala wanaogombania dirisha.

Na hilo la pua ndilo ufunguo. Trauti anatazama mkondo unakotoka kwa sababu chakula kinatoka huko. Nyuma yake haoni. Basi unamwendea kutoka chini, kwa nyuma, na unakwenda chini kwa chini, maana ukiinama sana, maji yenyewe yanakuficha. Mimi na miaka yangu 46 na tumbo langu nilitambaa. Nilitambaa kwa magoti kwenye majani ya ng'ombe, na kwenye vitu vingine vya ng'ombe, nikiwa nimevaa shati la kaki niliyoazima kwa shemeji. Kivuli chako kiache nyuma yako au pembeni, kisikutangulie majini. Na usikanyage kwa kishindo, samaki anasikia ukingo ukitikisika.

Nikarusha nzi wangu wa dukani, mdogo, mzuri, ameshonwa kwa manyoya. Akaelea vizuri. Trauti mmoja akapanda, akamsogelea, akamkagua kama mama mkwe anavyokagua pilau, akashuka. Nikarusha tena. Wakashuka wote. Nikakaa kwenye majani nimechoka, na hapo ndipo panzi mmoja mkubwa aliporuka kutoka kwenye shamba lililokuwa limefyekwa jana yake, akakosea hesabu, akaanguka majini, *po!* Hakumaliza hata kupiga mateke mawili. Mdomo ulitokea ukamchukua.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipo na fahari yangu.

Kwetu Kigombe boya la wavu tulikuwa tunalikata kutoka kwenye ndala zilizochakaa. Zinaelea, hazinywi maji, hazina bei. Usiku ule sikuwa na zamu. Nikachukua ndala ya mke wangu, ya manjano, ambayo kwa maoni yangu ilikuwa imeshachakaa. Kwa wembe nikakata vipande vyembamba, upana wa njiti mbili za kiberiti. Nikafunga kwenye ndoana kwa uzi wa cherehani, tone la supaglu, nikakibana kipande katikati kiwe na kiuno kama panzi. Miguu nilitoa kwenye mpira wa soksi, nikaufunga fundo katikati ili upate goti. Wa kwanza alifanana na nazi iliyopata ajali. Wa pili na wa tatu vile vile. Wa nne binti yangu alipomwona akaruka kutoka kwenye kiti, nikajua nimepata. Kikoleo cha ndoana, kile kijino cha karibu na ncha, nikakibana kwa koleo, ili nikimkamata samaki atoke upesi bila kuchanika. Nikatengeneza sita, vikanichukua mpaka alfajiri, mke wangu ananiita nilale nami namjibu ndiyo nakuja.

Nilirudi pale kwenye chemchemi siku mbili baadaye. Usiende mapema na panzi. Asubuhi bado ana umande, harukiruki. Ngoja saa 4, saa 5, jua limkaushe na upepo uanze. Asubuhi sana kuna wadudu wengine weupe, wadogo kama ufuta, wanaanguka majini kwa maelfu, na trauti wanawala kwa raha zao. Kuna watu wanavua kwa nzi wa ukubwa huo. Mimi macho yangu hayaoni tundu la ndoana hiyo, nawatakia heri.

Nikatambaa. Mshipi wa mbele nilikuwa nimeuongeza mpaka kama mara moja na nusu ya urefu wa ufito, kwa sababu maji yakiwa maangavu hivi mshipi mnene unaangusha kivuli chake kabla ya nzi kufika. Nyuma kulikuwa na mti, nilishaufahamu mti huo kwa jina la baba yake. Sikurusha nyuma kabisa. Nilimshika panzi kwa vidole, nikaukunja ufito kama upinde, nikaachia. Mtoto yeyote aliyewahi kuwa na manati anaweza. Akatua karibu na ukingo, chini ya majani yanayoning'inia, na akatua kwa kishindo, *po*, hasa nilichotaka. Watu wa vitabu wanataka nzi atue kama unyoya. Panzi hatui kama unyoya.

Sikumtikisa. Nikahesabu moja, mbili. Maji yakafumuka.

Jamani. Nimevuta kolekole waliochana viganja vyangu, lakini mikono ilinitetemeka kwa samaki wa sentimita 30. Nilisahau kila kitu, nikapiga kelele "Huyooo!" mpaka ng'ombe wakakimbia. Nilimvuta haraka, sikumchezesha, nikailowesha mikono kabla ya kumshika. Trauti wa kahawia, tumbo la siagi, madoa mekundu kila moja limezungushiwa duara la weupe kama mtu alikaa na brashi. Na yeye si mwenyeji hapa. Asili yake ni Ulaya, waliletwa Marekani miaka ya 1880. Tulitazamana wahamiaji wawili. Nikamgeuzia pua kwenye mkondo, akapumua, akapiga mkia, akanirushia maji usoni.

Nilipata wengine wanne mchana huo, na nilipoteza panzi wawili tu. Lakini si kwenye kidimbwi kile kile. Ukishapiga kelele kama mimi, pumzisha mahali, ondoka. Vidimbwi ni vidogo, samaki mmoja akipigana wote wamejua.

Jioni nikampigia mama simu kumweleza. Akasikiliza yote, panzi, ndala, kutambaa. Kisha akauliza umempikaje. Nikamwambia mama, nilimrudisha, sehemu ile kibao kinasema warudishwe. Kimya. Nikadhani mtandao umekatika. "Mwanangu," akasema, "umekwenda mpaka Marekani, ukatambaa kwenye mavi ya ng'ombe, ukapata riziki, ukaitupa?" Nikajaribu kumweleza. Akasema nisimwambie mtu yeyote Kigombe, hasa ba'mdogo.

Kuhusu mashamba: mengi ni ya watu. Kuna sehemu ambazo mwenye shamba ameshaipa serikali ya jimbo ruhusa ya wavuvi kupita, zina vibao na vingazi vya mbao vya kuvukia uzio. Pita hapo, usiruke waya. Baadhi ya waya zina umeme, na mimi najua kwa sababu ambayo siitaji.

Mwishoni mwa mwezi nilirudi dukani kununua mshipi mwembamba. Mzee yule yule akaniuliza kwa upole kama bado najisumbua na vijito. Nikafungua boksi nikamwonyesha panzi wa manjano, miguu ya soksi, sehemu ya tumbo imeshatafunwa na meno. Akavaa miwani. Akamgeuzageuza mkononi muda mrefu, akaniuliza nimenunua wapi, kisha akaniuliza huyu anaitwaje. Nikamwambia anaitwa ndala. Akachukua risiti yangu, akaandika kwa nyuma, akakosea herufi. Sikumsahihisha. Aliponiuliza ni kijito kipi, nikamwambia Agosti hakuna samaki.