Bobcat inavuta kushoto: nilivyoipima na kuitengeneza pampu yake hapa Chake Chake, Pemba

Mashine ikiwa baridi ilikwenda vizuri tu. Oili ikishapata moto, ndipo ilipoanza kuvuta kushoto, na ukiipandisha kilimani na ndoo iliyojaa kifusi, mnyororo wa kushoto unasimama huku wa kulia unasukuma peke yake. Pemba nzima ni vilima na mabonde, kwa hivyo kazi ililala.

Ninazungumzia kile kipakiaji kidogo cha minyororo ya mpira ambacho saiti zote wanakiita bobcat, kiwe cha kampuni yoyote. Mwenyewe alikuwa keshapiga simu Dar kuulizia pampu nzima, na bei aliyotajiwa ndiyo iliyomfanya anitafute. "Fundi, pampu hii ishakwisha, mimi nataka uifungue tu," akaniambia. Nikamjibu, "Ami, tuipime kwanza. Pampu ukishaifungua huwezi kuiuliza tena."

Mashine hizi kwa kawaida zina pampu mbili za pistoni zilizofungana kwenye shafti moja, moja ya kila mnyororo, na kila moja inasukuma oili kwenye motori inayozungusha mnyororo wake. Nyuma yake kuna pampu ya gia, inayonyanyua mkono na ndoo. Halafu kuna pampu ndogo ya chaji, ambayo kazi yake ni kulisha zile mbili kubwa na kufidia oili inayovuja ndani. Wengi huisahau hiyo ndogo, na chaji ikishuka, pampu kubwa hata ikiwa mpya inakufa njaa. Mkono ulikuwa unanyanyua bila shida, basi pampu ya gia nikaiacha. Injini nayo haikuwa inazimika ikibanwa, kwa hivyo sikuihangaikia.

Nilianza na vya bure. Oili haikuwa nyeupe kama maziwa, maana yake maji hayajaingia, jambo nililoliogopa kwa sababu ilishinda nje masika yote. Povu lakini lilikuwapo, na pampu ilikuwa inalia. Nilipolegeza kizibo cha tangi, tangi likavuta hewa kwa nguvu: fyooo! Kizibo kile kina kichujio cha kupumulia, nacho kilikuwa kimeziba kabisa kwa vumbi la udongo mwekundu lililogandiana na oili. Tangi lisipopumua, pampu inavuta oili kwa tabu, vipovu vinazaliwa na kupasukia ndani ya pampu, na vikipasuka vinang'oa chembe za chuma.

Filta ikafuata. Niliikata kwa patasi; usiikate kwa grenda, maana itakumwagia chuma chake mwenyewe halafu usijue kipi ni kipi. Karatasi nikaikunjua juani. Kulikuwa na vumbi jeusi kidogo, na katikati ya mikunjo vipande vyembamba vya rangi ya dhahabu, vingine vikubwa kama gamba la dagaa. Nikavipitishia sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu, visinyanyuke. Shaba hiyo. Ndani ya pampu za aina hii shaba hutoka kwenye viatu vya pistoni, vile vikombe vilivyovikwa vichwani mwake, au kwenye uso wa silinda bloku (chuma chenye matundu ambamo pistoni zinacheza) unaosugua sahani ya valvu, bamba linalotenganisha oili inayoingia na inayotoka. Lakini motori za minyororo nazo zaweza kuwa na shaba, kwa hivyo sikuwa na haki bado ya kuihukumu pampu.

Geji ya presha ndiyo iliyoniamulia. Niliifunga kwenye tundu la kupimia chaji. Mashine nyingi za aina hii presha ya chaji yake huwa baina ya bar 20 na 30 (bar ni kipimo cha presha), ila kitabu cha mashine yako ndicho cha kufuata. Tukaifanyisha kazi mpaka ikapata moto. Fimbo zote za kuendeshea zikiwa katikati, geji ilitulia kwenye 22. Opereta akaibana ndoo kwenye kifusi, akasukuma fimbo ya kulia: ikashuka kidogo, ikarudi. Akasukuma ya kushoto: ikaporomoka mpaka 11 na kubaki hapo hapo. Chaji ilikuwa nzima, ila mzunguko wa kushoto uliimeza kuliko pampu ndogo ilivyoweza kuleta.

Hapo bado washitakiwa wawili, pampu ya kushoto na motori ya kushoto. Nikahakikisha kwanza vyuma vya fimbo vinafika mwisho pande zote mbili, kisha nikabadilishana hosi: za pampu ya kushoto zikaenda motori ya kulia, za kulia zikaja kushoto. Mkono wa ndoo uwe chini kabisa, presha imetolewa, na usitafute tone linalovuja kwa kidole. Tumia kipande cha boksi. Oili ya presha hii inapenya ngozi bila hata kuuma sana, na anayepenyezwa ni mtu wa kukimbizwa hospitali akafanyiwe upasuaji, hata kama jeraha linaonekana kama tundu la sindano. Tulipoiendesha taratibu uwanjani, mnyororo wa kulia ndio sasa uliobaki nyuma. Ugonjwa umehama na hosi, basi motori haina kosa.

Sasa ndipo nikaifungua, na yule mzee mwenye mashine akakaa karibu kuona pesa yake inakokwenda. Viatu vya pistoni upande wa kushoto vilikuwa vimelika kingo, viwili vinachezacheza kwenye vichwa vyake. Sahani ya valvu ilikuwa na michirizo ya mviringo ambayo ukucha unakwama. Mchirizo wa kukwama ukucha mimi siusugui, nabadilisha. Upande wa kulia michirizo ilikuwa ya kuonekana kwa macho tu, nikausugua kwa unga mwembamba wa kusugulia chuma juu ya kioo kinene mpaka ukawa na rangi moja. Tukaagiza Dar silinda bloku, pistoni zake 9, sahani ya valvu na sili zote, kwa namba ya kibao cha pampu wala si kwa jina la mashine. Vikaja kwa boti mpaka bandari ya Mkoani.

Wakati tunasubiri ndipo nilipofanya kazi ambayo mafundi wengi huiruka, na pampu mpya nyingi hufa kwa sababu hiyo. Shaba ile haikuishia kwenye filta. Nilitoa oili yote, nikaosha tangi ndani, nikasafisha kipoza oili, nikapitisha oili safi kwenye kila hosi na kwenye motori. Oili mpya nayo niliipitisha kwenye filta kabla ya kuitia, kwani oili ya pipa si safi kama watu wanavyodhani.

Kufunga hakuna hadithi ndefu: mikono misafi, kila kipande kimepakwa oili, hakuna matambara yanayotoa nyuzi. Lakini nyumba ya pampu ijazwe oili kabla ya kuwasha. Nikachomoa waya wa dizeli ili isiwake, nikaizungusha injini kwa stata mpaka geji ya chaji ikanyanyuka, ndipo nikaurudisha waya na kuiwasha kwa silensa, yaani mwendo wa chini kabisa wa injini, minyororo ikiwa juu ya magogo.

Ilipopata moto nikairudia fimbo ya kushoto kwenye kifusi kile kile. Geji ikashuka mpaka 20, ikasimama. Mzee akataka kujua ule upande wa kulia niliousugua tu utadumu mpaka lini. Nikamwambia kichujio cha kizibo kioshwe kila wiki, na baada ya saa 50 za kazi aniletee filta niikate, hapo ndipo nitamjibu.