Umbali kutoka Chicago

Kabla ya kuhamia Rockford, mji wa jimbo la Illinois nchini Marekani, nilifanya kazi ya zamu ya usiku katika ghala moja karibu na Joliet, takriban kilomita 60 kusini-magharibi mwa Chicago. Makontena tuliyoyapakua yalikuwa yamevuka bahari kutoka Asia, yakapandishwa treni pwani ya magharibi, kisha yakashushwa Elwood, bandari kavu iliyofunguliwa mwaka 2002 mahali palipokuwa na kiwanda cha silaha cha jeshi. Saa kumi na moja alfajiri msimamizi alipita na karatasi, akasoma majina ya watakaorudi usiku unaofuata. Ambaye hakusikia jina lake alivua fulana ya kuakisi mwanga, akaikunja, akaondoka. Joliet haikosi kazi, kwa kuwa reli na barabara kuu za I-55 na I-80 hukutana hapo, lakini wengi wetu tuliajiriwa kupitia wakala, na msimu wa Krismasi ulipokwisha ajira ilikwisha nao.

Mji wa Galesburg, pia Illinois, uko mbali zaidi upande wa magharibi, na mkazi wake hawezi kwenda kazini Chicago na kurudi kila siku. Mwaka 2004 kampuni ya Maytag ilifunga kiwanda chake cha majokofu huko na kuhamishia uzalishaji Reynosa, Mexico, na ajira zipatazo 1,600 zikapotea katika mji wa watu wapatao 30,000. Kilichobaki kuushikilia mji ni yadi ya reli na Knox College, chuo kilichoanzishwa mwaka 1837, yaani vitu ambavyo wakurugenzi hawawezi kuvihamisha kwa kikao kimoja. Kwangu mimi, hili lina uzito kuliko umbali wenyewe. Miji mingine ya Illinois iliona hivyo hivyo: Peoria iliyapoteza makao makuu ya Caterpillar, kampuni ya mitambo mizito, Decatur ikayapoteza ya ADM, kampuni ya kusindika mazao. Na hapa jirani, Belvidere, kiwanda cha magari kilisimama Februari 2023, wamiliki wakiahidi kukifungua tena mwaka 2027.

Rockford nayo inapanga kurudisha treni ya abiria ya Chicago, iliyokoma mwaka 1981. Naiunga mkono, kwa sababu nyumba hapa ni nafuu na familia kadhaa za Kikongo ninazosali nazo zimeweza kununua. Ninachoogopa ni mji kugeuka mahali pa kulala tu. Ningeomba halmashauri iwafundishe vijana utengenezaji wa vipuri vya ndege, kazi yenye mizizi hapa kwa miongo mingi, na izikopeshe karakana ndogo za wenyeji kabla treni haijaanza safari.