Vitz old model: handibreki imeshika na stika nimepata

Imepita! Leo asubuhi afande kaingia mwenyewe, kavuta handibreki, kaweka fri, vijana wawili wakasukuma kwa nyuma mpaka wakaacha, gari halikusogea. Stika ya ukaguzi iko kwenye kioo saa hizi. Miezi minne nimehangaika na hii kitu na naandika leo leo maana sehemu iliyonisumbua sijaona mtu anaieleza vizuri.

Gari ni Toyota Vitz ya 2001, injini 1SZ, cc 997, linalala Shangani hapa Mtwara karibu kabisa na bahari kwa hiyo chumvi inakula kila bolti. Ukaguzi wa kwanza lilikwama vitu vinne: taa ya breki ya kushoto, raba za waipa zimekauka na jua, stabilaiza linki (kile kifimbo cha kwenye sasipensheni) ya mbele kulia inagonga, na handibreki. Vitatu vya kwanza nilivimaliza Jumamosi moja. Linki nunua pea, usibadilishe moja.

Sasa handibreki.

Fundi wa kwanza alikaza kebo pale kwenye mkono, dakika kumi, elfu tano, ikashika vizuri sana. Siku ya tisa imelegea. Nikabadilisha shuu (zile pedi zinazobana ndani ya dramu za tairi za nyuma) mpya pande zote, ikakaa wiki mbili, ikalegea. Nikaweka kebo mpya, wiki mbili tena, ikalegea. Nilikuwa naijaribu kwenye kile kilima cha kupandia Boma Mikindani, Jumapili hii gari linasimama kama limepigwa msumari, Jumapili ya pili linaanza kurudi nyuma mdogo mdogo na mimi mguu uko juu ya pedali. Inauma kwa kweli, unatoa hela na jasho halafu unarudi pale pale.

Nikaanza kusoma rekodi za MOT, ule ukaguzi wa lazima wa magari wa Uingereza. Gari hili Ulaya linaitwa Yaris, lile la kwanza la 1999, na wenzetu kila mtihani unaandikwa, gari likifeli sababu inawekwa wazi na ukiwa na namba ya gari unaisoma bure. Nikapitia ya magari ya umri wa langu: bulbu, tairi, springi zilizokatika, paipu za breki zilizoliwa na kutu, na handibreki haina nguvu au upande mmoja unashika kuliko mwingine. Kule wanataka handibreki peke yake ifikie asilimia 16 ya uzito wa gari. Hiyo namba ndiyo ilinitoa kwenye kubahatisha, nikaanza kutaka kupima.

Nikapiga hesabu. Chukulia gari kilo 850, asilimia 16 ni kilo 136, gawa tairi mbili za nyuma, kila moja 68. Hapa Mtwara ukitaka kupima kilo 68 huna haja ya mashine ya roller (ile ya kupimia breki), jirani yangu ananunua korosho, ana mizani ya kuning'iniza ya kilo 100 na msimu bado. Nikafunga cheni bloki (winchi ya mkono ya cheni) kwenye tawi nene la muembe, chini yake mizani, chini ya mizani mkanda umezungushwa kwenye tairi, gari liko kwenye stendi (stendi, siyo jeki, tafadhali), tairi za mbele zimewekewa mawe, handibreki imevutwa. Unavuta cheni taratibu mpaka tairi izunguke na unasoma pale pale inapoachia. Kushoto 41. Kulia 22. Nilisoma mara tatu kila upande.

Halafu kuna kitu nilikuwa nakiona siku zote ila sikukipa uzito. Kila handibreki ikilegea na pedali nayo inashuka. Kebo haihusiani na pedali hata kidogo! Mafuta ya breki hayapungui, wili silinda (inayosukuma shuu kwa mafuta) kavu, haivuji, kwa hiyo kilichobaki ni shuu zinakaa mbali na dramu. Lakini mbona nazisogeza kila mara? Nani anazirudisha?

Jioni hiyo nikafungua dramu zote mbili kwa mpigo (zikigoma, kuna matundu mawili ya bolti za milimita 8 usoni kwa dramu, kaza kwa zamu, inasukumwa yenyewe, acha kugonga na nyundo). Siku zote nilikuwa nafungua upande mmoja mmoja ili wa pili uwe ramani, ndivyo tunavyofundishana wote na ni ushauri mzuri, ila ndio ulionificha tatizo. Nikaweka ajasta mbili kwenye gunia (ni vile vifimbo vya uzi vyenye gurudumu la meno, nyota, vinavyorefuka kusogeza shuu karibu na dramu), nikazungusha. Moja uzi wake unaenda kulia, nyingine kushoto. Nikarudisha ya kushoto mahali pake, nikasukuma kile kimkono kinachogusa meno ya nyota kama breki inavyokisukuma, na ajasta ikawa FUPI. Kila nikikanyaga breki gari lilikuwa linajilegeza lenyewe!

Zilikuwa zimebadilishana pande. Nani alizichanganya sijui, inawezekana kabla sijalinunua, na mimi nikawa nazirudisha kwa uaminifu pale pale nilipozitoa.

Nikazibadilisha pande, nikasafisha uzi na brashi ya waya, nikapaka kidogo sana grisi ya kustahimili joto, nikapaka alama ya rangi nyekundu kulia na nyeupe kushoto. Nikalegeza kebo kabisa, nikasogeza shuu mpaka dramu inakwaruza kidogo, ndipo nikakaza kebo. Mpangilio huo usiugeuze. Ukianza na kebo unazivuta shuu kabla hazijapangwa, unapata mkono mzuri wa siku chache na ajasta inashindwa kufanya kazi yake.

Nikapima. Kushoto 78, kulia 74. Nilikaa chini ya muembe nikaiangalia ile mizani kwa raha kabisa.

Kwenye vifaa: nunua koleo halisi la springi za breki. Nimetumia bisibisi miaka yote na kidole changu kina kovu. WD-40 ni ya kulegeza bolti iliyoganda, usiiweke kama grisi na isiguse shuu. Na lile vumbi la ndani ya dramu usipulize na kompresa, shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto, loweka kwa maji na sabuni, futa na kitambaa.

Nilipanga wiki hii kung'arisha taa za mbele na kuziba kutu chini ya mlango wa nyuma. Nimeacha. Kaka mmoja wa Chuno, hapa hapa Mtwara, ana Toyota Starlet inavuta upande mmoja akikanyaga breki na nataka kuipima kwa mizani tairi zote nne, mtu akiwa amekanyaga pedali, sema mbele nguvu itapita kilo 100 kwa hiyo natafuta puli ya kuigawa mara mbili. Langu nimelipima tena jana, wiki ya tatu sasa: 77 na 74. Jirani anataka mizani yake kabla minada ya Oktoba haijaanza.