Mdudu aliyegoma kutoka kwenye brauza

Kabla sijaeleza nilivyomtoa huyu mdudu (programu inayoteka brauza na kukupeleka kwenye tovuti ya kwao) niseme kwanza kwamba nilimgombeza mdogo wangu bure. Tutafika huko.

Ilianza hivi, nafungua Chrome kwenye kompyuta ya nyumbani, badala ya Google inakuja injini ya kutafutia ambayo sijawahi kuisikia, nembo yenyewe kama imechorwa kwa dakika tano, ukiandika kitu inaruka kwenye anwani mbili tatu chapchap halafu ndo inakuleta kwenye majibu, na majibu yote ya juu ni matangazo. Kila nikifungua tabu mpya (na kweli ilikuwa tabu mpya) ni yeye tena. Macho yangu moja kwa moja kwa dogo, maana ndo anayeshinda kwenye ile mashine. "Kaka, mi sijagusa kitu." Nikamwambia humu ndani hakunaga anayegusa kitu.

Nikafanya anachofanya kila mtu. Mipangilio, rudisha ukurasa wa mwanzo, rudisha Google, ingia kwenye ekstensheni (vile viprogramu vya nyongeza vinavyobandikwa kwenye brauza), futa ile nisiyoijua, nikajiona fundi. Kesho yake asubuhi yuko palepale.

Ndo nikaenda kwenye orodha ya programu za Windows nikaipanga kwa tarehe ya kuinstoo. Hii kitu ni ndogo lakini inaumbua watu. Programu tatu zimeingia siku moja: moja ya kubadilisha video, na mbili ambazo hakuna aliyeziomba. Na ile siku dogo hakuwepo nyumbani, alikuwa safarini. Aliyekuwa anahangaika na video usiku ule ni mimi. Nilikliki neksti neksti neksti mpaka mwisho, wala sikuangalia vile viboksi ambavyo tayari vimetiwa tiki, na ule uinstoo wa "custom" ambao ndo unakuonyesha wamekufungia nini ndani sikuugusa, nilichukua ule wa haraka.

Basi nikaziondoa zote tatu. Moja wakati wa kuitoa ikaniletea dirisha lenye kitufe kikubwa cha kubaki na maandishi madogo ya kijivu ya kuondoka, yani mpaka anafukuzwa bado anatongoza.

Nikariseti brauza. Bado! Lakini safari hii nikaona kitu cha ajabu, nikifungua Chrome kwa ikoni ya desktop anakuja, nikiifungua kwa kwenda mwenyewe kwenye folda yake haji. Nikakaa nikaiangalia ile ikoni. Raiti kliki, Properties, kwenye ule mstari wa Target, njia ya faili inatakiwa iishie chrome.exe na alama ya kufunga nukuu basi, kumbe mbele yake kuna nafasi halafu anwani ya tovuti yao imebandikwa. Kile kiboksi ni kifupi, bila kusogeza kishale mpaka mwisho huoni kitu. Kwa hiyo unaweza kuriseti brauza mpaka uchoke, yeye hayumo ndani ya brauza, yuko mlangoni. Nikafuta ile anwani, nikaangalia na ikoni ya taskbar, nayo hivyohivyo. Ya Firefox nayo! Na Firefox hata hatuitumii.

Nikadhani tumemaliza, nikaona ekstensheni yake imerudi na sasa haina hata kitufe cha kuiondoa, na kwenye menyu ya Chrome kimaandishi kinasema brauza inasimamiwa na shirika lako. Shirika gani? Hii kompyuta anayeisimamia ni mama na kitambaa chake cha vumbi. Ule ni ujumbe halali kwa kompyuta za ofisini, hawa jamaa wanautumia kwa kuandika sera (amri za kuisimamia brauza) za uongo kwenye rejista ya Windows, ile hifadhi ya mipangilio yake. Andika chrome://policy kwenye sehemu ya anwani utaziona, yangu ilikuwa ExtensionInstallForcelist, ndo inayolazimisha ekstensheni iingie hata ukiifuta. Zinakaa HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome, na wakati mwingine chini ya HKEY_CURRENT_USER. Nilitunza kwanza nakala ya rejista kabla ya kufuta (usilete ujasiri hapa), na kama kompyuta ni ya kazini kweli, hizo sera achana nazo, muite mtu wa IT.

Kwenye Task Scheduler, ile sehemu ya Windows inayowasha programu kwa ratiba, nako kulikuwa na kazi imejipa jina la "updater" fulani hivi, inaamka kila ukiingia kwenye akaunti. Huyo ndo alikuwa anawarudisha wenzake kila asubuhi. Nikamfuta.

Mwisho nikapitisha AdwCleaner, programu ya kusafisha wadudu kama hawa, ya bure, ya Malwarebytes, haihitaji hata kuinstoo. Niliidaunlodi kwa kompyuta nyingine nikaileta kwa flashi, maana kutafuta dawa kupitia injini ya mdudu mwenyewe ni kuomba akuletee mdudu mwingine. Ikaokota mabaki kadhaa ambayo mimi nisingeyaona.

Kwa nini wanajisumbua hivi? Hela ya matangazo tu, kila unachotafuta na kukliki kuna mtu analipwa. Mchezo wa zamani huo, CoolWebSearch, mdudu wa aina hiihii, ilisumbua watu tangu 2003.

Ah, na sinki, yani ile Chrome kuhifadhi vitu vyako kwenye akaunti ya mtandaoni na kuvishusha kwenye kila kompyuta yako. Nilivyowasha tu kusinki akaunti ya Chrome, ekstensheni ikashuka tena kutoka kule juu ilikokuwa imehifadhiwa, nilitaka kulia. Ikabidi nizime sinki, nifute data ya sinki kwenye akaunti, nisafishe, halafu niwashe upya. Paswedi nilibadilisha kwenye simu, kuanzia ya barua pepe, kwa sababu ile ekstensheni ilikuwa na ruhusa ya kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote, na hilo neno "zote" lilininyima usingizi zaidi ya matangazo yao.

Dogo nilimwomba radhi jana. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza tu, "Kwa hiyo kaka, ile video ilikubali?"

Haikukubali.